Vidonge Vilivyomfunga Baba Mkwe

Sifa zimrudie Mungu aliye hai, wapendwa! Nasema tena, sifa zimrudie Yeye! Nasikia wengine mmeitikia kwa Luganda, wengine kwa Kilango cha Lira kule nyuma, na Waluhya wenzangu nawajua kwa kelele. Yeye anazisikia zote.

Jina langu ni Nekesa, ingawa wengi hapa mnaniita Mama Emma. Ni mzaliwa wa Bungoma, upande wa Kenya, na Kampala nimeishi tangu nilipoolewa. Nauza vyombo vya plastiki kule Kikuubo, mabeseni, ndoo, majagi. Mume wangu ni polisi, mtu wa Lira, yule mrefu aliyeketi pale karibu na spika. Nyumbani ni Kasubi. Sijazoea kusimama hapa mbele. Nivumilieni.

Nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyomrudisha baba mkwe wangu kutoka mlangoni mwa kaburi. Na kilichompeleka hadi mlangoni pale, ndugu zangu, kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake.

Baba mkwe wangu, Mzee Ogwang, alikuwa mwanajeshi. Wengine wenu mlimwona alipokuja kutusalimu hapa kanisani. Mgongo wake umenyooka, viatu vyake vinang'aa, na Kiswahili chake ni kile cha kambini. Alizoea kuamka kabla yetu sote na kukunja blanketi lake hadi likawa kama tofali. Mama mkwe wangu alipofariki, mume wangu alisema, "Baba hawezi kukaa peke yake kwenye ile nyumba." Tukamleta Kasubi, tukampa chumba cha mbele.

Sasa lazima niwaeleze jinsi tulivyoishi mimi na yeye, maana bila hilo hamtaelewa. Kwetu, mkaza mwana na baba mkwe hawapeani mkono. Hawaketi kwenye kiti kimoja kirefu. Nikimpelekea chakula, naweka mezani, naondoka. Yeye naye akinikuta ukumbini anatazama pembeni mpaka nipite. Hatukugombana hata siku moja! Ilikuwa heshima, na tuliipenda hivyo. Mambo yake ya mwilini aliyashughulikia mume wangu.

Kisha mume wangu akapelekwa kazini Karamoja. Nikabaki na mzee na mtoto.

Wakati huohuo walianza kupanua barabara inayopita mbele ya nyumba yetu. Vumbi, ndugu zangu! Vumbi jekundu liliingia kwenye chai, kwenye shuka, kwenye pua. Mzee akaanza kupiga chafya mfululizo. Macho yakawasha, mikono ikatoka vivimbe kama ameumwa na mbu wengi. Bila kumwambia mtu akatembea mpaka duka la dawa pale kwenye kona, akanunua vile vidonge vidogo vya manjano vya mafua na kuwashwa. Mnavijua. Nani hapa hana vile vidonge nyumbani?

Na vilimsaidia! Siwezi kusema uongo madhabahuni. Chafya zilipungua, mikono ikatulia. Lakini baba mkwe ni mtu ambaye kitu kikimsaidia anakiongeza. Aliviweka kwenye kaveera, kamfuko kadogo ka plastiki, ndani ya mfuko wa shati, na kila pua ikimwasha alitumbukiza kidonge mdomoni. Hakuangalia saa, hakuangalia kipimo.

Baadaye kikohozi kikaja. Nikamnunulia dawa ya maji ya mafua na kikohozi, ile ya chupa, nikamwekea mezani na kijiko chake. Halafu akalalamika kwamba usiku hapati usingizi. Mama Nakato, jirani yetu na kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, akatuletea vidonge vyake alivyobakiza, ambavyo yeye alipewa zamani kwa ajili ya kutapika na vikamlaza vizuri. Mama Nakato yuko hapa leo, mbele kabisa. Tumeongea, na yeye mwenyewe ameniambia niseme yote. Alileta kwa upendo. Sisi sote tulikuwa tunampenda yule mzee, na kila mmoja wetu alikuwa anamlisha dawa kutoka upande wake.

Hatukujua kwamba zile dawa zote zilikuwa za ukoo mmoja.

Jambo la kwanza kubadilika lilikuwa usingizi. Mtu aliyeamka kabla ya jogoo sasa alilala mpaka jua likawa kali. Blanketi likabaki limetupwa sakafuni. Akitembea alishika ukuta. Midomo ilimkauka hadi ulimi ukawa unanata anapoongea, na aliomba maji, maji, kila mara maji. Nikajiambia ni huzuni. Mtu aliyemzika mke wake, nani atamshangaa akidhoofika? Nilimpigia mume wangu, lakini kule aliko simu inashika siku moja na kukatika siku mbili.

Halafu siku moja nilirudi kutoka Kikuubo jua likiwa bado halijazama, nikamkuta mzee amesimama uani, shati limefunguka vifungo, anachuna hewa. Anachuna hivi, kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa sisimizi kwenye nguo. Hakukuwa na sisimizi. Akaniona. Akanitazama usoni moja kwa moja, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema, "Wewe hapana ona mama ya Okello? Iko pale nakaa chini. Pa yeye kiti!"

Okello ni mume wangu. Mama ya Okello tulimzika.

Ndugu zangu! Nilileta kiti. Mnacheka? Nilikileta kweli! Sikujua la kufanya. Nilikiweka pale alipoonyesha, na mzee akaanza kuongea na kile kiti kwa Kilango, kwa upole, kama mtu aliyempata mwenzake baada ya safari.

Habari ikasambaa Kasubi nzima. Mmoja akasema mke wake amemjia, anataka kumchukua. Mwingine akasema huyu alikuwa mwanajeshi, roho za watu aliowaua vitani zimempata sasa kwa kuwa amezeeka. Mwanamke mmoja akaninong'oneza kwamba anamjua mtu nje ya mji anayezitoa roho kama hizo, lakini niende haraka, maana zikimaliza na mzee zitageukia mtoto. Zitageukia mtoto! Mnajua maneno kama hayo yanavyoingia ndani ya mama? Niliacha kwenda dukani. Nikamhamishia Emma chumbani kwangu, nikasukuma sanduku kwenye mlango. Mlango wa nyumba yangu mwenyewe! Mzee akikohoa nashtuka, akinyamaza nashtuka zaidi. Nilipiga magoti kuomba nikajikuta nasema "Bwana, Bwana, Bwana" tu, maneno mengine yamekimbia.

Jumamosi, kikundi cha maombi kikaja nyumbani. Akina mama wakamzunguka mzee pale kwenye kiti. Tukaimba, tukaomba kwa sauti. Na yeye akaanza kujinyonganyonga. Anashika tumbo, anaguna, jasho linamtiririka, anainuka anataka kwenda chooni, anarudi, anainuka tena. Mmoja akapaza sauti, "Inamtesa kwa sababu inajua wakati wake umekwisha!" Mama Nakato akaniambia nifungashe nguo zake. Watamleta hapa kanisani, atakaa katika maombi na kufunga, bila chakula wala maji, mpaka imwachie. Gari lilikuwa limeshaitwa.

Nikaingia chumbani kwake kufungasha. Na pale, nikiwa nimeshika shati lake mkononi, wazo likanijia. Sikusikia sauti ya ajabu, wapendwa, sitaki kuongeza chumvi. Wazo tu, lakini halikuniachia. Huyu mzee ameomba maji tangu jana. Ameyanywa. Ameenda chooni mara nyingi, anasimama humo mpaka nachoka kungoja, na sijasikia hata mara moja akimwaga maji. Yale maji yako wapi?

Nikarudi sebuleni. Mama mmoja alikuwa amemwekea mkono tumboni akiomba, na mzee alipiga ukelele uliotutoa roho. Nikaliona lile tumbo chini ya shati. Limevimba chini ya kitovu, limekaza kama ngoma.

Nilijua ninachotakiwa kumuuliza. Na sikuweza! Ndugu zangu, afadhali mngeniambia nibebe gunia la saruji kutoka Kikuubo hadi juu kilimani Nakasero. Mkaza mwana amuulize baba mkwe habari za mkojo? Mbele ya wanawake? Niliona aibu yangu, niliona aibu yake. Niliona uso wa mama yangu kule Bungoma. Nikasimama pale, nikisema ndani kwa ndani, Bwana, mtume mtu mwingine. Hakukuwa na mtu mwingine.

Nikawaomba akina mama watoke kidogo. Nikapiga magoti mbele yake, macho chini.

"Baba," nikasema, "nisamehe. Umekojoa leo?"

Akageukia ukuta. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Mwanajeshi yule alikuwa analia.

"Hapana toka," akasema. "Tangu jana hapana toka. Nasukuma, hapana toka. Mimi naona haya ambia wewe."

Haleluya! Sijui aliipata wapi ile akili safi ya dakika moja, maana mara tu baada ya hapo alimgeukia tena mkewe asiyekuwepo. Lakini dakika ile ilitosha. Nikainuka, nikafungua mlango, nikasema gari likifika linaenda hospitali.

Mama Nakato akanishika mkono. "Nnyabo, mama yangu, kule wanaona mwili tu. Roho hawaioni."

"Roho tutaiombea njiani, Mama," nikamwambia. "Mkojo hauwezi kungoja."

Akanitazama. Nilidhani atakasirika. Akachukua leso yake begani, akaifunga kiunoni, akamshika mzee upande mmoja, mimi nikamshika mwingine. Ndiyo, nilimshika baba mkwe wangu mkono! Siku ile sheria zote tuliziacha sebuleni.

Msongamano wa magari Jumamosi mnaujua. Magari yamesimama, boda boda zinapenya, dereva anapiga honi bure. Mzee anaguna kwa kila shimo. Mama Nakato anaomba kwa Luganda, mimi naomba kwa Kibukusu cha kwetu, na nampigia mume wangu, nampigia, nampigia. Ghafla ikashika. Nikamweleza kwa pumzi moja. Nikasikia sauti yake ikiwa nyembamba kama ya mtoto, "Nekesa, usimwache. Fanya kila kitu ambacho ningefanya mimi." Ikakatika.

Hospitalini alitupokea daktari, mwanamke kijana mwenye nywele fupi. Aliligusa lile tumbo mara moja tu, akaita wenzake, akatuambia tungoje nje. Walimwekea mpira wa mkojo. Nikiwa ukumbini nilimsikia mzee akishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Muuguzi alipopita na mfuko wa mkojo uliojaa, Mama Nakato alifunika uso kwa leso, na mimi sikujua kama nicheke au nilie.

Daktari akaja. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee anatumia dawa gani?"

Nikataja ile ya chupa.

"Na nyingine? Nitajie zote. Hata ya kununua mwenyewe, hata ya jirani."

Hapo Mama Nakato akainamisha kichwa, akafungua mkoba wake polepole. "Mimi nilimpa hivi," akasema. Nami nikakumbuka nililokuwa nikiliona kila siku, nikaenda kwenye lile shati alilovuliwa, nikatoa kaveera. Daktari akaviweka vyote pamoja pembeni mwa kitanda, akasoma maandishi ya chupa, akasoma ya pakiti, akavitazama vile vya manjano. Akavuta pumzi.

Alitueleza bila dharau, na ninamshukuru kwa hilo. Alisema vile vya manjano vinaitwa klorofeniramini. Kwenye ile chupa ya mafua kulikuwa na klorofeniramini hiyohiyo. Vile vya Mama Nakato, promethazini, ni ndugu yake, na huleta usingizi mzito kuliko yeye. Mzee alikuwa anameza dawa za ukoo mmoja kwa njia tatu! Akasema ni dawa nzuri kwa mzio, mamilioni ya watu wanaitumia na wanasinzia kidogo tu. Lakini mwili wa mzee hauitoi haraka. Inakausha kinywa, inatia ukungu machoni, inafunga choo, inazuia mkojo. Ikizidi inavuruga akili, mtu anachuna wadudu wasiokuwepo na kuongea na watu waliokufa. Na baba mkwe wangu, bila sisi kujua, alikuwa na tezi dume iliyokuwa imevimba kwa umri. Njia ilikuwa nyembamba tayari. Vidonge vikaifunga kabisa.

"Tungempeleka akafunge bila maji," Mama Nakato akasema, kama anajisemesha.

Daktari akamwambia, "Mama, endeleeni kuomba. Ila mniambie kila anachomeza."

Msidhani hofu iliishia hapo. Hata kidogo! Daktari alisema watapima damu, figo, malaria, wahakikishe hakuna kingine, na kwamba akili itachukua muda kurudi. Nikamuuliza, itarudi? Akasema anatumaini. Kesho yake mzee bado alikuwa anachuna hewa. Bado alimwita mkewe. Wengine walinipigia simu kusema, unaona, hospitali imeshindwa, tulikuambia. Nikaketi pale kwenye mkeka na Mama Nakato, tukagawana mkate ambao hakuna aliyeweza kuumeza, na nikawaza, je, kama walikuwa sahihi? Je, kama nimemnyima mzee maombi yake? Nikamwambia Mungu waziwazi kwamba naogopa. Nilisema tu, Bwana, naogopa, na nimechoka kujifanya siogopi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa namimina chai. Nikasikia nyuma yangu, "Mama Emma."

Nikageuka. Mzee alikuwa ananitazama. Halafu, wapendwa, akatazama pembeni! Akatazama pembeni kwa heshima, kama zamani! Akasema, "Hapa ni wapi? Nani natoa viatu yangu?"

Nilitoka mbio ukumbini nikiruka kama msichana. Muuguzi alidhani mtu amekufa. Nikamwambia hapana, dada, mtu ameamka! Mungu ni mwema! Mungu ni mwema!

Mume wangu alifika na vumbi la Karamoja bado liko kwenye buti. Mzee alikaa na ule mpira kwa muda, kisha wakautoa, na anatibiwa tezi mpaka leo. Kwa ajili ya vumbi daktari alimwandikia dawa nyingine ya mzio isiyoleta usingizi mwingi, na hiyo pia kwa kipimo chake, saa yake, wala si kila pua ikiwasha.

Sasa sikilizeni, maana Mungu hakunipa jambo hili nikae nalo. Sisemi mtupe dawa zenu. Nasema ulizeni! Ukinunua ya mafua, uliza ndani yake mna nini, na mwambie mwenye duka unatumia nini kingine. Ninyi vijana wa boda boda, ukimeza kile kidonge cha manjano, usipande pikipiki ukasema macho ni mepesi. Usichanganye na pombe, najua mmeokoka lakini nasema tu. Na wewe mama unayempa mtoto mchanga dawa ya mafua ili alale upumue kidogo, nakuonea huruma, nimekuwa na mtoto mchanga mimi pia, lakini acha! Dawa hii inaweza kumzuia mtoto mdogo kupumua. Mwenye ugonjwa wa presha ya macho, mjamzito, mwenye tezi, usimeze kabla ya kuuliza. Na tusipeane vidonge tulivyobakiza. Hilo Mama Nakato ameniomba nilitilie mkazo, na mnaona anaitikia kwa kichwa.

Na yule anayeanza ghafla kuweweseka nyumbani kwako, muombee, ndiyo. Huku unaomba, mpeleke. Mungu aliyesikia maombi yetu ndani ya lile gari alikuwa pia ndani ya mikono ya yule daktari. Mtegemee Yeye kiasi cha kumuuliza mtu swali unaloliogopa.

Mzee amerudi Lira. Asubuhi hii, kabla ya ibada, nilimpigia kumwomba ruhusa, maana ni habari za mwili wake. Nilidhani atakataa. Akasema, "Ambia wao. Taja jina yangu, Ogwang. Mzee mwingine nasikia mzee mwenzake."

Kwa hiyo nimelitaja. Baba yangu uliyeketi hapa, kama mkojo unakusumbua na unaona haya kuwaambia wanao, hutalazimika kumwambia mwanamke. Mume wangu anasimama sasa, mnamwona. Ibada ikiisha atakuwa nje kwenye ngazi za upande wa kushoto. Mwendee. Msalimie tu, umwambie umetumwa na Mzee Ogwang. Yeye ataelewa, na atakusindikiza hospitali.